Kipa Aliyenyamaza Msimu Mzima

Mimi ni mtu wa mdomo, na sioni haya kulisema. Nashona nguo kwenye kibanda kimoja pale mtaa wa Tena, na barabara nzima inajua siku niliyoamka vibaya. Kijana wangu alinirithi. Alipokuwa darasa la sita alisimama golini kwenye kiwanja cha mtaa, na mimi nikiwa kwenye cherehani nilikuwa namsikia: "Wewe, rudi! Nani anakaba huyu? Amkeni!" Alikuwa akiwapanga wanaume wenye ndevu, nao wakipangika. Majirani walisema yule atakuwa mhubiri au dalali.

Akaenda jeshini. Baada ya kidato cha nne na miaka miwili ya kuhangaika, alipata nafasi katika chuo cha maafisa wa jeshi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini. Baba yake, mtu wa reli, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo furaha yote ilinikalia mimi peke yangu na sikuweza kuibeba kimya kimya. Niliwaambia wateja, nikawaambia watu wa kanisa, nikampigia simu shemeji yangu kule Kakamega usiku akiwa amelala. Kanisani walimsimamisha mbele wakamwombea. Alipoondoka, nilikuwa mama wa afisa kabla hajavaa hata buti.

Siku ya kwanza ya kutembelewa ilikuja baada ya miezi mitatu. Nilibeba kuku na chapati. Nilimkuta amekonda, kichwa kimenyolewa, shingo imekuwa ndefu. Alikula haraka haraka, kisha akainama karibu yangu akasema polepole, "Mama, nataka kurudi nyumbani."

Sitaficha nilichomjibu. Nilisema, "Hakuna kurudi. Urudi ufanye nini? Mimi nimeshaambia watu."

Hakubishana. Alipangusa mikono, akaikunja karatasi ya chapati mara mbili, pembe juu ya pembe, akasema, "Sawa, mama." Nilirudi mjini nikijisifu moyoni kwamba nimekuwa mzazi imara. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, si ndivyo tulivyofunzwa?

Kuanzia siku hiyo sikuisikia tena sauti yake ile niliyoizoea. Kadeti wa mwaka wa kwanza hawaruhusiwi kukaa na simu. Wanapewa nafasi ya kupiga mara moja moja. Zamani mtoto huyu alikuwa akinipigia mpaka nikamwomba apumzike. Sasa nilikuwa nauliza mimi, na yeye anajibu. Umekula? Nimekula. Uko mzima? Niko mzima. Unahitaji kitu? Hapana. Halafu simu inakatika. Nilianza kukosea mishono. Nilishona mfuko wa suruali ya mtu ukafunga kabisa, akaja kunirudishia mkono ukiwa haupiti.

Aliyejua siri hiyo ni mmoja tu, jirani yangu wa kibanda, anayeuza kanga na mabuibui. Alizaliwa Majengo, wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kinanifanya nijisikilize mwenyewe. Tumeketi bega kwa bega zaidi ya miaka ishirini. Nilipomsimulia, aliacha kukunja kanga akaniangalia.

"Mwenzangu," akasema, "yule mtoto hakuja kukuomba ruhusa. Alikuja kutaka pole. Nawe umemnyima vyote viwili."

Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nilimpelekea chai, kwa sababu alikuwa amesema kweli na hakuna mwingine wa kunisikiliza. Nikamwambia ninachoogopa. Naogopa kwamba wamemvunja mwanangu, na kwamba mimi ndiye niliyemshika mikono wakati wanamvunja.

Hapo ndipo mpira ulipoingia. Mwaka huo chuo kiliamua kuingiza timu yake katika ligi ya mitaa ya huku kwetu, eti kujenga uhusiano mwema na raia. Mechi za nyumbani zilichezewa chuoni, ambako sisi hatufiki. Za ugenini zilichezewa huku kwetu, mitaa ya Eastlands. Kipa wao wa kwanza alivunjika kidole, na kijana wangu akavishwa glavu. Aliniambia kwa simu, "Jumapili tunacheza mtaa wa Umoja." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za miezi minne.

Tulifika mapema, mimi na mwenzangu, na viti vyetu vya plastiki. Lori la jeshi likaja, wakashuka mmoja mmoja kwa cheo, wakapanga mifuko yao chini kwa mstari ulionyooka hata kamba haingeweza kuusahihisha. Walipasha misuli moto kwa safu, kushoto, kulia. Vijana wa mtaa walikuwa wanakufa kwa kicheko. "Maze hawa wamekuja kucheza ama wamekuja Madaraka Day?" Wazazi tulikatazwa kumsogelea mchezaji kabla ya mechi kuisha, baada ya hapo tungepewa dakika tano kando ya lori.

Kijana wangu akasimama golini, na hakusema kitu. Mpira ukija kushoto, ananyoosha kidole. Ukija kulia, ananyoosha kidole. Mabeki wake wanne, majitu marefu, walikuwa wamempa mgongo, na kidole hakisikiki. Walifungwa matatu. Bao la pili lilikuwa la aibu: mabeki wawili waliuachia mpira kila mmoja akidhani ni wa mwenzake, na kipa aliyeona yote akabaki kutikisa mkono.

"Kipa ni bubu!" mmoja akapiga kelele nyuma yetu.

"Bubu ni babako," nikamwambia, na mwenzangu akanishika kiuno akanikalisha.

Kwenye zile dakika tano nilimuuliza, "Mbona huongei?" Aliangalia nyuma ya bega lake, akasema, "Ni sawa tu, mama." Nilimtazama machoni nikimtafuta. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Mechi iliyofuata, mwenzangu alibeba maandazi, na maandazi yake ni hongo ya kisheria. Alimpelekea dereva wa lori, askari mtu mzima mwenye mvi, akamuuliza moja kwa moja kwa nini kipa hasemi. Dereva alicheka mpaka akajikohoza.

"Bi mkubwa, huyo kipa ni mwaka wa kwanza. Hao mabeki wote wanne ni wa mwaka wa mwisho. Huyo mrefu wa katikati ndiye kapteni wa timu, tena ni kiranja wa bweni lake. Mdogo haamrishi mkubwa. Akitaka kumwambia kitu lazima aanze, 'Afande, naomba ruhusa ya kuongea.'"

"Na akimaliza kuomba?" mwenzangu akauliza.

"Mpira ushaingia," dereva akasema, akachukua andazi jingine.

Nilicheka. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kuku na chapati, nikahisi nusu ya mzigo imeshuka kutoka kifuani. Kumbe hajavunjwa, amefungwa tu na adabu yao. Lakini nusu ilibaki. Kwenye simu hakukuwa na kapteni wala kiranja, tulikuwa mimi na yeye tu, na kule pia alikuwa kimya.

Sikuweza kuketi. Wakati wa mapumziko nilimwendea kocha wao, sajini mfupi mwenye matege, nikamwambia, "Afande, umeleta kipa au umeleta mlinzi wa benki?"

Hakuudhika. Alivua kofia akajikuna. "Mama, nimewaambia mara kumi, uwanjani hakuna cheo. Wote wananijibu, 'Ndiyo, afande!' Halafu wanaingia uwanjani na vyeo vyao."

Kipindi cha pili nadhani sajini alimbana kijana wangu, kwa maana alijaribu kuongea. Mshambuliaji alikuwa anatokea nyuma ya mabeki, na nikasikia sauti ya mwanangu, nyembamba, ya mtu anayebisha hodi: "Afande! Samahani, afande! Nyuma yako!" Mabeki wote wanne wakageuka kumtazama, kwa sababu wote wanne walikuwa afande. Mshambuliaji akapita katikati yao kama mtu anayepita sokoni. Mwenzangu alifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Basi msimu ukaenda hivyo. Kule chuoni walikuwa wanashinda mara moja moja, kwa sababu wageni walichoka na wao hawachoki; wanajeshi wale wangeweza kukimbia mpaka kesho asubuhi. Huku kwetu walikuwa wanafungwa, au wanatoka sare wakibahatika. Niliwafuata kila kiwanja. Nilijifunza kukaa nyuma ya goli lake, si karibu sana, mahali ambapo angeweza kuniona akigeuka kuokota mpira wavuni. Aligeuka mara nyingi. Aliniona kila mara, na kila mara aliangalia pembeni. Hapo ndipo nilipokuwa naumia, kwa sababu kwenye kuangalia pembeni hakukuwa na amri ya mtu.

Ikafika mechi ya mwisho. Timu mbili za mkiani zilikuwa zinashushwa daraja, na wetu walihitaji sare ili wabaki. Dereva, ambaye sasa alikuwa mtu wetu, alituambia mkuu wa chuo ameshasema wakishushwa, habari ya mpira imekwisha, watabaki na gwaride. Kwangu maana yake ilikuwa rahisi. Hakuna tena Jumapili, hakuna dakika tano, mpaka mtoto afuzu. Na sikujua ni mtoto yupi angefuzu.

Kiwanja kilikuwa karibu na Majengo, ukuta mmoja na kambi ya chifu. Mechi ilipangwa kuanza saa kumi, lakini refa alichelewa, halafu ikabidi mbuzi wa mtu waondolewe, kwa hiyo tulianza saa kumi na nusu kupita. Wenyeji walikuwa vijana wa mitumba, wepesi, wenye maneno. Walifunga mapema. Wetu wakasawazisha kwa kona, kapteni mrefu akiupiga kwa kichwa. Ikawa bao moja kwa moja. Dakika zikawa zinatambaa. Mwenzangu alikuwa anasoma dua upande wake na mimi naomba upande wangu, tukaziba njia zote.

Watu wa umri wangu wanaijua desturi hii. Saa kumi na mbili jioni, kwenye kambi ya chifu, askari hupiga filimbi na bendera hushushwa. Zamani ukiisikia filimbi hiyo unasimama pale pale ulipo, hata kama una ndoo kichwani, mpaka filimbi ya pili ilie. Siku hizi mtaani hakuna anayesimama. Wauza viazi wanaendelea kukaanga. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshaisahau.

Filimbi ikalia nyuma ya ukuta.

Wachezaji kumi wa jeshi wakasimama. Sisemi walipunguza mwendo. Walisimama, mikono ubavuni, visigino pamoja, videvu juu, nyuso zimeelekea bendera. Mmoja alikuwa katikati ya kukimbia na akasimama kama aliyezimwa. Refa hakuwa amepiga filimbi yoyote. Mshambuliaji wa wenyeji, kijana mwembamba mwenye soksi za rangi mbili, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona milango yote iko wazi. Akauchukua mpira akaanza kutembea nao kuelekea kwa mwanangu. Uwanja mzima ulikuwa unapiga mayowe ya furaha. "Enda buda! Enda, hao wamehang!"

Nilimtazama kijana wangu. Yeye pia alikuwa amesimama kiaskari. Nilimwona mgongo umenyooka, glavu zimebana mapaja. Nilitaka kupiga kelele, na mimi nisiyekosa sauti nilikosa sauti, maana nikipiga kelele ingekuwa tena ni mimi ninayemwambia afanye nini. Nikauma mtandio wa mwenzangu.

Mpira ulipofika hatua kumi hivi kutoka golini, aliruka. Alitoka kwenye ule mkao kama mkaa unavyoruka jikoni, akajitupa miguuni pa yule kijana, akaukumbatia mpira na kujikunja juu yake, na hapo chini akabaki. Filimbi ya pili ikalia. Wenzake wakalegeza mabega. Na mwanangu akanyanyuka, uso mzima vumbi, akafungua mdomo.

"Nyinyi ni mabeki ama ni milingoti ya stima? Refa amepiga? Nauliza, refa amepiga? Wewe namba nne, huyo ni mtu wako! Nani amkabe, bendera? Rudi nyuma! Rudi, wewe mrefu, rudi!"

Hakuna afande. Hakuna naomba ruhusa. Sauti ilivuka uwanja, ikavuka ukuta wa chifu, na naamini bendera iliisikia ikikunjwa. Huyo 'wewe mrefu' alikuwa ndiye kapteni. Hata wauza njugu waligeuka. Kapteni alimtazama mwaka wa kwanza yule kwa muda ambao niliuhesabu kwa mapigo ya moyo wangu. Kisha, nafikiri kwa mazoea tu ya mtu aliyefundishwa kutii sauti ya aina hiyo, akaitikia, "Ndiyo!" na akakimbia kurudi nyuma.

Dakika zilizobaki aliwaendesha kama alivyowaendesha wale wenye ndevu wa Tena. Songa. Kaba. Usimwangalie, mshike. Wanaume wa mwaka wa mwisho walikuwa wanakwenda kushoto na kulia kwa neno lake. Refa alipopuliza ya mwisho ilikuwa moja kwa moja bado. Sikushangilia. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nikalia, na mwenzangu akanipapasa mgongo akisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwenzangu. Kumbe amejaa tele, hajapungua." Kweli, hajapungua. Nililia kwa sababu hiyo hasa.

Sajini aliwapanga mstari. Nilidhani mwanangu atafungwa kamba. Sajini akatembea mbele yao na matege yake, mikono nyuma, akasema, "Aliyesogea bendera ikishuka, raundi tano." Akawageukia wale wengine. "Waliosimama mpira ukienda golini, raundi tano." Wakakimbia wote kumi na mmoja, mifuko yao juu ya vichwa, na mwanangu ndiye aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti.

Halafu zikaja dakika tano zangu. Alikuja anatweta, anatabasamu na watu wengine. Kwangu tabasamu likapungua. Niliamua kutomzungusha.

"Kama bado unataka kutoka, toka," nikamwambia. "Cherehani ziko mbili. Watu niliowaambia nitawaambia upya."

Alitikisa kichwa. "Sitaki kutoka, mama. Nilitaka siku ile tu. Kesho yake ilikuwa imeisha."

"Basi mbona umeninyamazia mwaka mzima?"

Alivua glavu moja, kisha ya pili, akazishika pamoja. "Hapa uwanjani nilinyamaza kwa sababu ya maafande," akasema. "Kwa simu nilinyamaza kwa sababu yako. Nilikwambia nataka kurudi, ukaniambia umeshaambia watu. Nikaona kumbe mimi ni habari tu. Ya kuambia watu."

Iliniingia mahali pake. Lakini nitasema ukweli, pamoja na maumivu yale nilipumua, pumzi niliyokuwa nimeishika tangu siku ya kuku. Mtoto aliyevunjika singejua pa kuanzia. Mtoto aliyekasirika namjua. Nimemlea, na hasira yake ni yangu. Hasira ina dawa, na dawa yenyewe nilikuwa nayo mdomoni, ila sikuwahi kumpa mtoto wangu hata siku moja. Kwetu mzazi hasemi hivyo. Mzazi hupika kitu kizuri, na mtoto huelewa.

"Nisamehe," nikasema. Ilitoka ndogo sana.

Akainamisha kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sijasikia, mama."

Nyuma yake lori lilikuwa limejaa, kapteni mrefu ameketi ukingoni, dereva na andazi lake, sajini na saa yake mkononi, na mwenzangu amesimama na viti vyetu viwili akijifanya anatazama mbuzi.

"Nisamehe, mwanangu!" nikasema, kwa sauti yangu yenyewe, na lori lote likageuka kunitazama.